Sista, mwanangu ana korona ipi?

Tangu mwaka 2021 akina mama wananiuliza swali hilo moja pale mapokezi: "Sista, hii ya mwanangu ni korona ipi?" Akina baba nao huuliza, ila wao huja na jina la aina ya kirusi mkononi: "Ni ile Delta?" Jibu langu huwakera. Sijui, na daktari naye hajui. Kile kipimo cha haraka cha puani kinasema kirusi kipo au hakipo, basi. Jina hupatikana maabara ikisoma vinasaba vya kirusi chenyewe, na majibu hayo hutoka mtoto akiwa ameshapona, anakimbizana na wenzake.

Hata hivyo swali si la kipuuzi. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka kumi na tisa na nimeona mawimbi yakipita: lile la kwanza la 2020, la Delta 2021, la Omikroni lililofungua mwaka 2022. Watoto hawakuugua vilevile. Wimbi moja nilihesabu pumzi mpaka shingo ikauma. Lililofuata nikawa nasikiliza makoo. Kwa hiyo jina la kirusi kinachovuma mimi nalitumia kwa kazi moja tu, nayo ni kujua nielekeze jicho na sikio wapi kwanza. Kumpeleka mtoto hospitali au kubaki naye nyumbani, hilo ataliamua mtoto mwenyewe kwa jinsi alivyo.

Umri kwanza, jina baadaye

Tofauti kati ya mtoto wa miezi miwili na kijana wa miaka kumi na minne ni kubwa kuliko tofauti kati ya Delta na Omikroni. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mzazi huwa ni umri.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu anaweza asikohoe wala asitokwe na kamasi. Anachemka tu, au anasusa ziwa, au analala usingizi ambao mama yake anauona si wake. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38 au zaidi kwa umri huo, nenda hospitali saa hiyohiyo, kirusi kiwe chochote. Homa ya korona na homa ya bakteria walioingia kwenye damu au kwenye utando wa ubongo huwezi kuzitofautisha kwa macho. Tafadhali usimpe dawa ya homa "tuone kwanza". Ukishaishusha, na sisi hatutaiona.

Kuanzia miezi sita hadi miaka mitano ndiyo rika la krupu (kikohozi cha kubweka), degedege, kutapika na kuharisha. Nitarudi hapo kwa kirefu maana ndipo kirusi kilipobadilisha tabia zaidi. Wanafunzi wa shule ya msingi hulalamika kichwa na uchovu kuliko kikohozi. Ukisubiri kikohozi ndipo upime, umechelewa.

Vijana wanaugua kama watu wazima. Binti ya kaka yangu alikuwa na miaka 14 katikati ya 2020. Asubuhi moja alijipulizia manukato mara tatu, nyumba nzima ikatuchefua, yeye anashikilia kwamba chupa imeharibika, ni maji matupu. Hakuwa na homa, hakukohoa. Nilimcheka, kisha kicheko kikanikatikia kooni. Dalili hiyo ya kutosikia harufu wala ladha ilipungua sana Omikroni ilipoingia. Kijana asiyesikia harufu leo bado apimwe, lakini anayesikia vizuri usimfutie korona kwa sababu hiyo pekee.

Kirusi kilivyobadilika, na pa kuangalia

Wimbi la kwanza liliwapitia watoto wengi bila hata chafya. Aprili 2020 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliangalia wagonjwa ambao dalili zao ziliandikwa: kwa watoto, 73 kati ya 100 walikuwa na homa, kikohozi au kukosa pumzi, kwa watu wazima walikuwa 93. Yaani zaidi ya mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa na korona bila hata moja ya zile dalili tatu tulizozibandika milangoni. Sisi wenyewe tuliwaruhusu wangapi waingie, Mungu ndiye ajuaye.

Alfa iliyogunduliwa Uingereza mwishoni mwa 2020 iliambukiza haraka zaidi, ila sura ya ugonjwa kwa mtoto haikubadilika kiasi cha kumsaidia mzazi. Beta na Gama naziruka.

Delta ilikuwa habari nyingine. Homa, kikohozi, kichwa, makamasi, na vitanda vikajaa. Sehemu ya kujaa huko ilikuwa hesabu tu: kirusi kilikuwa na kasi, watu wazima walikuwa wameanza kuchanjwa, watoto bado. Delta ilipendelea kushuka hadi mapafuni, kwa hiyo kazi yetu kubwa ikawa kuhesabu pumzi.

Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini iliripoti kirusi kipya kwa Shirika la Afya Duniani, na siku mbili baadaye kikapewa jina la Omikroni. Mwezi uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walikipandikiza kwenye vipande vya mirija ya hewa na vya mapafu ya binadamu maabara. Katika mirija, kilizaana kwa kasi ya karibu mara 70 kuliko Delta. Ndani ya mapafu kilizaana polepole zaidi. Kwa mtu mzima hiyo ni nafuu. Kwa mtoto wa miaka miwili ni nusu ya nafuu, kwa sababu njia yake ya hewa ni nyembamba hukohuko juu, mahali kirusi kilipoamua kukaa.

Matawi ya Omikroni yaliyofuata yameongeza mambo yao. Mwaka 2023, tawi la XBB.1.16 lilipoenea India, madaktari wa watoto huko waliripoti watoto wenye macho mekundu, yanayowasha na kugandana kwa tongotongo. Mwaka 2025 yalipovuma NB.1.8.1 na XFG, watu wengi walieleza koo linalouma kama wamemeza wembe, na sauti iliyokauka. Mtoto mdogo hatakwambia "wembe". Atakataa kumeza, atadondosha udende, atalia ukimpa kikombe.

Siku za kusubiri nazo zimefupika. Mwanzoni, tangu mtoto akutane na mgonjwa hadi dalili zianze, zilipita kama siku tano au sita; Delta ikazishusha hadi nne hivi, Omikroni tatu. Ukitaka kujua kaipata wapi, rudi nyuma siku tatu. Usianze kumlaumu mgeni wa wiki iliyopita.

Neno moja la tahadhari kabla hujakariri haya. Watoto wa 2022 hawakuwa wale wa 2020. Wengi walikuwa wameshaugua, wengine wamechanjwa, wengine wamezaliwa na mama mwenye kinga. Kwa hiyo tukisema kirusi fulani "ni chepesi kwa watoto", sehemu ya wepesi huo ni ya miili ya watoto wenyewe. Mtoto ambaye hajawahi kukutana nacho kwa namna yoyote anaweza kukiona kizito.

Usiku wa kikohozi cha kubweka

Januari 2022 mwanangu wa pili alikuwa na miaka miwili na miezi michache. Alilala na mafua kidogo. Usiku wa manane nikasikia sauti ambayo nimeisikia kazini mara nyingi, lakini kwa sababu ilitoka chumbani kwangu sikuitambua: kama kijibwa kilichofungiwa stoo. Wazo langu la kwanza, mimi muuguzi, lilikuwa kwamba kameza kitu.

Nikawasha tochi ya simu, nikamshika kidevu, nikataka kumpanua kinywa. Akapiga yowe. Na kila alipovuta hewa kulia, ikatoka sauti kali ya kukwaruza, kama mlango unaoburutwa sakafuni. Mume wangu ndiye aliyeninyang'anya tochi. Akampakata, kifua kikiwa wima, akamnong'oneza vitu visivyo na maana yoyote. Baada ya dakika chache mkwaruzo ukapungua, ukabaki mbweko.

Hiyo ndiyo krupu. Wazazi wengine huichanganya na kifaduro, lakini ni kitu kingine: krupu ni uvimbe kwenye njia ya hewa, chini kidogo ya nyuzi za sauti. Piga hesabu uone kwa nini inatisha. Chukua njia ya hewa yenye upana wa milimita 4. Ukuta wake ukivimba milimita 1 pande zote, upana unabaki milimita 2, na nafasi ya kupitisha hewa inabaki robo tu. Mtu mzima mwenye uvimbe uleule anapata sauti ya kukwama na anakwenda kazini. Mtoto akilia, anavuta hewa kwa nguvu, na njia iliyobaki inazidi kujibana. Kwa hiyo kumliza mtoto mwenye krupu, kama nilivyofanya mimi na tochi yangu, ni kumwongezea ugonjwa.

Asubuhi kipimo kilitoka mistari miwili, yaani korona ipo. Hatukuwa peke yetu: hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, iliandika watoto 75 waliokuwa na krupu pamoja na korona kati ya Machi 2020 na katikati ya Januari 2022, na zaidi ya wanne katika kila watano walikuja baada ya Omikroni kuingia.

Mtoto wako akianza kubweka, fanya hivi. Mkalishe wima mapajani kwako, kichwa kisirudi nyuma. Usimchungulie kooni, usimlazimishe kunywa, usimfunike shuka la mvuke wa maji moto. Wanaoungua kwa mvuke huo huletwa kwetu. Kisha sikiliza akiwa ametulia. Kikohozi cha kubweka peke yake, mtoto anacheza na kunywa, kinaweza kungoja asubuhi aonwe. Mkwaruzo unaosikika hata akiwa ametulia haungoji: nenda usiku huohuo. Hospitali kwa kawaida humpa deksamethasoni, dawa ya kunywa ya kushusha uvimbe, dozi moja, na ndani ya saa chache njia hufunguka. Udende unaomtoka bila kuumeza, midomo inayobadilika rangi, au mtoto anayechoka ghafla na kunyamaza ni dharura. Huyo wa kunyamaza ndiye anayenitisha kuliko anayelia.

Kuhesabu pumzi bila kujidanganya

Siku moja wakati wa Delta nilihesabu pumzi 58 kwa mtoto wa miaka miwili, nikaanza kukimbiza watu kutafuta oksijeni. Daktari akaniuliza, "Alikuwa analia?" Alikuwa analia. Tulipohesabu tena amelala begani kwa mama yake, zilikuwa 34.

Msubiri alale au atulie. Pandisha nguo mpaka uone tumbo na kifua. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima kwa saa. Usihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, maana watoto hupumua kwa vishindo, mara mbio mara wanasita. Viwango tunavyotumia ni vya Shirika la Afya Duniani. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40. Ukifika hapo, hesabu mara ya pili. Ikirudi ileile, ondoka nyumbani.

Pamoja na hesabu, tazama sehemu ya chini ya mbavu. Ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, hata kama idadi ni ya kawaida, hapo pana shida. Pua zinazotanuka na mguno kila anapotoa pumzi ni za kundi hilohilo.

Wenye kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni nawaomba jambo moja. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kimeonekana kusoma juu kuliko hali halisi. Kikisoma chini ya 94, tafuta daktari. Kikisoma 95 na mtoto anahangaika kupumua, mwamini mtoto. Na unapotafuta rangi ya kukosa oksijeni kwa mtoto mweusi, usiangalie uso. Funua mdomo wa chini, tazama ulimi na fizi.

Degedege

Omikroni ilituletea pia watoto wengi wa degedege la homa, wengine wakubwa kidogo kuliko tuliozoea kuwaona. Homa ya Omikroni hupanda ghafla, na ubongo wa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano unaweza kujibu kwa kutetemesha mwili mzima. Mlaze ubavu chini, ondoa vitu vigumu karibu, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Likizidi dakika tano, au likirudi siku hiyohiyo, ni dharura. Likiisha kabla ya hapo, bado mlete aonwe mara hiyo hiyo, hasa kama ni mara ya kwanza. Na unakoishi pakiwa na malaria, apimwe malaria hata kama kipimo cha korona kina mistari miwili. Magonjwa hayapangi foleni.

Wiki ya pili hadi ya sita

Sehemu hii wazazi huiruka kwa sababu mtoto anakuwa ameshapona. Aprili 2020 madaktari wa Uingereza walianza kuona watoto waliozidiwa ghafla wiki kadhaa baada ya maambukizi, ambayo pengine yalikuwa mepesi hata hayakutambuliwa. Kinga ya mwili inageuka na kuvimbisha viungo vingi kwa pamoja, moyo ukiwemo. Hospitalini tunauita MIS-C. Mara nyingi hutokea kati ya wiki ya pili na ya sita.

Msichana mmoja aliletwa na maumivu makali ya tumbo, homa ya siku nne na kutapika. Wote tulifikiri kidole tumbo. Macho yalikuwa mekundu bila tongotongo, viganja vimevimba, midomo imepasuka. Hakuna aliyeuliza juu ya korona mpaka bibi yake aliposema, kama anayepitisha muda, kwamba mwezi uliopita nyumba nzima ilikuwa na mafua. Sentensi hiyo ndiyo iliyompeleka kwa daktari wa moyo badala ya chumba cha upasuaji.

Ugonjwa huu ulipungua sana kipindi cha Omikroni ukilinganisha na mawimbi ya mwanzo, lakini haujaisha. Homa ya siku tatu au zaidi ndani ya wiki hizo, ikiandamana na tumbo, upele, macho mekundu au ulegevu, mpeleke, na useme mwenyewe tarehe ya mafua yaliyopita. Usingoje kuulizwa.

Dawa, na kipimo

Parasetamoli hupimwa kwa kilo za mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 12 ni miligramu 120 hadi 180. Shida ni chupa. Nyingine ina miligramu 120 katika mililita 5, nyingine 250, na kijiko cha chai cha nyumbani hakijui tofauti. Soma lebo, tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Aspirini usimpe mtoto kabisa. Inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Antibayotiki haziui kirusi hiki, hata kiitwe nani.

Anayeharisha na kutapika mpe ORS (ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji) kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, na uhesabu nepi. Nepi kavu kwa saa sita hadi nane, macho yaliyozama, au utosi uliobonyea kwa mtoto mchanga, mlete.

Kipimo cha haraka kikitoka mstari mmoja siku ya kwanza ya dalili, usitangaze ushindi. Rudia baada ya saa 48.

Mambo yote haya mimi huyaandika kwenye daftari la kawaida la shule, ukurasa mmoja kwa mtoto mmoja: tarehe ya dalili ya kwanza, joto na saa niliyopima, pumzi kwa dakika akiwa ametulia, sauti, macho, alichokunywa, nepi, dawa na saa yake. Jina la kirusi nalo nina mahali pake, pembeni juu, kwa penseli. Mzazi anayekuja na ukurasa kama huo namwona haraka kuliko anayekuja na jina. Mtoto akipona sifungi ukurasa. Nahesabu wiki sita mbele, naandika tarehe hiyo chini kabisa, na ikipita bila homa ndipo nachora mstari.